Radhi ya Hizza Iende Mlango wa Nani?

Tulieni, jamani. Hii hadithi ikisimuliwa hata paka anaacha mfupa wake akaja kukaa, na mtoto aliyekuwa akilia anasahau alikuwa analilia nini. Na mwisho wake mtaumaliza nyinyi wenyewe, maana Ngamiani nzima imeshindwa.

Hapo Ngamiani, Tanga, kulikuwa na mafundi watatu. Mafundi wa sampuli ile hawazaliwi tena, udongo wake umekwisha.

Wa kwanza Bakari Semkiwa. Huyu fundi wa ulimi. Alimwendesha kwa gari mama mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akichimba visima kule Handeni, na njia ndefu ile, mama anaongea, Bakari anameza. Ukimpa neno la Kiingereza limekakamaa kama papa mkavu, analilowesha mdomoni kidogo tu, likitoka limeshakuwa Kiswahili kimeungwa kwa nazi.

Wa pili Siwema binti Mbaruku. Huyu fundi wa uso. Akitaka kuwa kikongwe anakuwa kikongwe, magoti yanamlia mpaka safu ya nyuma wanayasikia. Siku moja aliigiza mgonjwa wa malaria, waliokaa mbele wakaamka na homa. Wengine walilazwa, si uongo.

Wa tatu Bi Mwanamkasi. Huyu fundi wa kutunza. Kwa asiyejua taarabu: mwimbaji akiimba mstari uliokugusa unanyanyuka, unakwenda taratibu mpaka kwake, unamtunza noti au kanga. Na ukishautunza mstari, mstari ni wako. Umeusema wewe, mwimbaji kakuazima mdomo tu. Basi Bi Mwanamkasi akinyanyuka, mpiga fidla anatetemeka. Akipita katikati ya ukumbi anajua kuzungusha shingo kiasi kwamba watu mia tano wote wanajua nani anasemwa, na anayesemwa anajua kabla yao.

Watatu hao walikuwa na adui mmoja. Jina lake Hizza Mdoe.

Zamani Hizza ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha maigizo cha Jipe Moyo, na ukumbi wao ulikuwa wa mabati, karibu na soko. Magharibi moja ukumbi ukashika moto. Ukawaka moto ule, wa Pangani walidhani jua limekataa kuzama. Hizza akatoka wa kwanza, akajitupa chini mbele za watu, analia kwa sauti: "Siwema! Siwema kaacha kibatari chumba cha nguo! Wallahi nimekiona kwa macho yangu haya mawili!"

Watu wakaamini. Mtu mzima analia vile, utambishia nini? Tangu siku hiyo Siwema akaitwa Bi Kiberiti. Akipita sokoni, "Kiberiti huyo, ficheni mafuta ya taa!" Akialikwa harusini, mama wa bibi harusi anamkaribisha kukaa uani, mbali na mapazia. Wachumba wakaja, wakaambiwa, wakarudi. Na lililomuuma kupita yote si hayo. Lililomuuma ni kwamba yeye mwenyewe alianza kujiuliza. Anakaa jikoni kwake, anatazama mikono yake: Nilikizima? Mbona nakumbuka nilikizima? Au nakumbuka kwa sababu nataka kukumbuka? Miaka ikaenda, swali likawa nyumba, naye akaishi humo.

Bakari naye moto ule ulimla mkono. Aliingia kuvuta mapazia kwa mkono wa kulia, ukatoka umekunjika kama mguu wa kuku, haukufunguka tena. Na Bi Mwanamkasi alikuwa amekiazima kikundi sanduku la kanga za marehemu mama yake, kanga zenye harufu ya udi ya mama mwenyewe. Hakurudishiwa hata uzi.

Hizza akatoka bila hata jivu kwenye kofia. Akaacha maigizo, akafungua karakana ya vitanda na viti vya mninga, akawa mtu mkubwa.

Haya. Siku nyingi zimepita, Bakari akakifufua kikundi. Wakapewa ghala la katani lililoachwa, kule karibu na reli, wakasema hapa ndipo jukwaa. Akamwendea Siwema kwake.

"Siwema, nina mchezo. Aliniachia yule mama wa visima."

"Mimi? Mimi Kiberiti? Mtapata wapi watu wa kuja kukaa ndani na mimi?"

"Watakuja kukuona unavyowachoma. Sikiliza kwanza."

Akamsimulia. Mchezo wa Kimarekani wa siku hizi, wa mambo ya ndani ya kichwa. Humo hamna shetani, hamna fumanizi, hamna anayepigwa kibao. Dada wawili wamekaa jikoni, huko jimbo la Ohayo, wanakunywa kahawa isiyo na hata tangawizi, theluji imewafungia mlango. Zamani nyumba ya baba yao iliungua. Dada mkubwa kamwambia mdogo maisha yake yote: ni wewe, ulisahau jiko. Mdogo kaamini, kazeeka nalo. Wanaongea, wananyamaza, wananyamaza tena, mpaka mwisho mkubwa anatamka mwenyewe kwamba moto ni wake.

Siwema akanyamaza kushinda Wamarekani wenyewe. Halafu akasema, "Huyo dada mdogo ni mimi."

"Ndiyo. Lakini wewe utacheza mkubwa."

"Kwa nini?"

"Dada mdogo umemcheza miaka yote. Pumzika. Mcheze yule aliyekusingizia."

Siwema akacheka. Kicheko hicho mtu akikisikia anafunga mlango kwa komeo.

Wakaanza mazoezi. Kazi yao ilikuwa ya mdomo kwa mdomo: Bakari anasema mstari, Siwema anaurudisha mpaka umekaa. Dada mdogo akapewa binti mmoja wa Chumbageni, mpole. Lakini kila siku Siwema alikuwa akiongeza kitu ambacho Bakari hakumfundisha. Leo kapiga kifua kwa ngumi wakati anaapa. Kesho kakunja leso mara nne akafuta paji la uso, hali paji halina jasho. Keshokutwa, "Wallahi kwa macho yangu haya mawili."

Bakari akamtazama. "Siwema, huyo sasa si Mmarekani."

"Ohayo hawana waongo?"

"Wapo."

"Basi tuendelee."

Siku ya mchezo ikafika, alasiri ya Jumapili. Theluji walitengeneza kwa makapi ya katani, wakayarundika madirishani, meupe pee, Ohayo yenyewe ingeona wivu, ila waigizaji walikuwa wakijikuna. Watu walijaa mpaka kuta za ghala zikatanuka. Viti vilikuwa vya Hizza, kikundi kiliviazima, kwa hiyo Hizza alikuja na viti vyake kama mgeni rasmi, akakaa mbele kabisa, kanzu inang'aa, pembeni yake Mzee Mhando, mjumbe wa mtaa.

Bakari akatoka kuwatahadharisha. "Jamani, huu si mchezo wa kutunza. Huu wa Kimarekani. Wamarekani wanakaa kimya, wanawaza."

Bi Mwanamkasi akajibu kutoka safu ya tatu, "Wamarekani wako Marekani, mwanangu. Anza."

Mchezo ukaanza. Mwanzoni watu waliguna. "Mbona hawasemi?" "Wamegombana?" "Huyo kahawa yake haina sukari, mtazame uso." Lakini Siwema akaanza kuingia. Leso ikakunjwa mara nne. Paji likafutwa. Ngumi kifuani. Ghala likapoa. Mtu mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Hee, huyo si nanihii?" Mwenzake akasema, "Nyamaza, yuko mbele yetu." Kikohozi kikapita safu hadi safu.

Hizza hakujiona. Mtu hajui mgongo wake. Akamwambia Mzee Mhando, "Huyu mwanamke anaigiza vizuri, lakini huyo dada mkubwa mnafiki sana." Mjumbe akatazama viatu vyake.

Halafu Siwema akasema ule mstari. Akamwinamia dada mdogo, sauti laini kama mafuta ya nazi: "Nani atakuamini wewe? Mimi ndiye niliyelia kwa sauti."

Mungu wangu. Bi Mwanamkasi akanyanyuka.

Hakukimbia. Alinyanyuka kidogo kidogo, kama jua, na joto lake lilifika kabla yeye hajasimama. Akavua kanga ya begani, akaishika kwa vidole viwili, akaja. Nyonga moja inauliza, nyingine inajibu. Alipofika mbele ya Hizza akapunguza mwendo, pindo la kanga likapita chini ya pua yake, polepole, kama mtu anayemnusisha mgonjwa dawa. Akapanda jukwaani, akamvika Siwema ile kanga shingoni, akageuka, akamtazama Hizza kuanzia kofia mpaka makubadhi, akarudi kukaa.

Vigelegele! Popo wote wa ghala lile walihama siku hiyo, wako Muheza mpaka leo.

Hizza akaruka kitini. "Ananitunzia mimi? Mimi huyu?"

"Kaa, bwana," mjumbe akasema. "Mwache mama."

"Nikae nipitishiwe kanga puani kama maiti? Ninajua kutunza kabla yeye hajajua kutembea!"

Na hapo ndipo kiburi kilipomla. Mtu wa pwani akitunziwa ana dawa mbili: anyamaze, au anyanyuke atunze zaidi, aonyeshe hajaguswa. Hizza akachomoa noti mfukoni, akazitanua kama kipepeo, akaanza kupanda jukwaani kwa madaha. Bega la kushoto, bega la kulia. Watu wakampigia makofi, naye akadhani anapendwa. Mstari aliokuwa akiuendea hakuujua. Alikuwa anashindana na Bi Mwanamkasi tu.

Siwema akamwona anakuja.

Mstari uliofuata ulikuwa wake. Dada mdogo anamimina kahawa, akimaliza kumimina, mkubwa anasema. Binti wa Chumbageni akamimina. Siwema akanyamaza. Binti akamkonyeza. Siwema kimya. Kikombe kikajaa, kikafurika kwenye kisahani, kisahani kikafurika mezani, kahawa ikaanza kudondoka miguuni mwake, ya moto ile, naye hakutikisa hata ukope. Ndani yake alikuwa akisema: Njoo. Njoo, Hizza. Bado hatua moja. Njoo baba, njoo.

Hizza akafika. Akalamba noti, akambandika Siwema kwenye paji la uso, mkono bado umeshikilia pale pale, uso kaugeuzia watu, anatabasamu.

Siwema akafungua mdomo.

"Moto niliuwasha mimi. Wewe hukuacha jiko. Niliuwasha mimi, nikakusingizia."

Ghala likawa kaburi. Unasikia kahawa inavyodondoka.

Kisha sauti ya Bi Mwanamkasi: "Kautunza! Jamani, kautunza mwenyewe!"

Ghala likapasuka. "Kautunza! Wake huo! Kaukubali!"

Hizza akauondoa mkono kama umeguswa na pasi. "Siyo huu! Nimetunza ule wa mwanzo!"

"Wa mwanzo una mwenyewe!" watu wakamjibu. "Wako huo! Umesema wewe!"

Noti bado iko kwenye paji la Siwema, macho yake chini ya noti yanamtazama tu. Na Hizza, mbele ya watu wote wale, akaona macho yale, akachanganyikiwa. Akaanza kujitetea kwa kitu ambacho hakuna aliyemuuliza.

"Sikukusudia! Sigara niliikanyaga, wallahi niliikanyaga! Pazia ndilo lililoshika lenyewe!"

Mzee Mhando akasimama polepole. "Sigara gani, Hizza?"

Hizza akazirudisha mfukoni noti zilizobaki. Aligeuka ashuke, Siwema akamshika kanzu. Akasema kwa sauti ya chini, lakini si mnajua sauti yake, mpaka stesheni ilisikika: "Kaa. Mchezo haujaisha."

Akamkalisha kwenye kiti cha tatu, pale pale jikoni Ohayo, katikati ya theluji ya katani. Na mchezo ukaendelea mpaka mwisho, yeye Hizza akijikuna, watu wakimtazama. Siwema alicheza siku ile kama mtu anayekula baada ya mfungo wa mwaka mzima. Utamu ule hata asali haiujui. Tangu ukumbi uungue, ndiyo mara ya kwanza alitazama mikono yake akaiona mikono tu.

Kuanzia kesho yake Hizza akaanza kuonja alichopika. Muuza kahawa akawa anampita, anammiminia jirani yake wa kushoto na wa kulia. Kitanda chake mtu hakilalii, wanasema kina joto. Bi Kiberiti akafa, hakuna aliyemwita Siwema hivyo tena. Wengine walikuja kumsalimia mlangoni wakiona haya, wakiangalia juu kama wanahesabu mabati.

Hatimaye Hizza akaenda kwa Mzee Mhando. "Nataka kuomba radhi. Nitazunguka kwa wote watatu, nimalize."

Mjumbe akakataa. "Radhi ya watu watatu kwa mpigo si radhi, hiyo salamu. Utavua viatu, utakwenda mlango mmoja, wa yule aliyekuangusha. Akikwambia pita, umerudi mjini, na hakuna atakayekusema. Akikwambia toka, hama Tanga. Mlango mmoja tu."

Sasa ndipo balaa lilipoanza. Mlango wa nani?

Watatu wakaitwa kwa mjumbe, wakakaa mkekani.

Bakari akauweka ule mkono uliokunjika juu ya goti. "Mchezo niliuleta mimi. Ulikuwa kitabu cha Wazungu, nikaufanya ukae kwenye masikio ya Tanga. Bila mimi Hizza angekufa mzee, azikwe kwa heshima. Na mapazia yale niliyavuta mimi, yeye yuko nje anajigaragaza. Aje kwangu. Nitampa mkono huu aushike, na hatauachia mpaka awahadithie wapita njia wote umekunjikaje."

Bi Mwanamkasi akatema tambuu. "Mchezo wako, Bakari, ulikuwa umelala. Watu walikuwa wanapiga miayo. Ulisema hakuna kutunza! Ningekusikiliza wewe, Hizza angekaa kitini kwake mpaka mwisho, akapiga makofi, akaenda kula. Nani alimnyanyua? Ni mimi. Mtu yule hanyanyuliwi na kitabu, ananyanyuliwa na nyonga. Na kanga za mama yangu ziliungua nazo. Aje kwangu. Kila harusi ya mji huu atakaa mkeka wa mbele, kati ya wanawake, nimtunzie mpaka miguu yangu ichoke. Na hii miguu, Mzee Mhando, haijachoka tangu nizaliwe."

Wakamgeukia Siwema.

"Mmoja kampikia, mmoja kamwita mezani," akasema. "Lakini angefika nimeshausema mstari, angetunza hewa. Mimi nilimngoja. Kahawa ya moto inanidondokea miguuni, nikamngoja. Kumi na sita? Ishirini? Sijui nilivuta pumzi ngapi, ninachojua ngozi ilibaki kwenye kandambili." Akaonyesha miguu. Kweli, imebabuka.

"Akija kwako utamfanya nini?" Mzee Mhando akauliza.

"Sitamfanya kitu."

"Utamsamehe?"

"Sitasema pita, sitasema toka. Nitafunga mlango. Akae nje asijue amesamehewa au hajasamehewa, asubuhi na jioni ajiulize. Mimi nilikaa hivyo."

Bakari na Bi Mwanamkasi wakatazamana. Kisha Bakari akasema polepole, "Ndiyo maana asije kwako, Siwema." Siwema akamjibu, "Ndiyo maana aje kwangu." Wakaanza upya, wote kwa pamoja, mpaka mke wa mjumbe akatoka na mwiko.

Mzee Mhando akajifunika kofia usoni. Wengine wanasema mjini: bila mchezo hakuna kitu, ni Bakari. Wengine: bila kunyanyuliwa hakuna kitu, ni Bi Mwanamkasi. Wengine: bila kungojwa hakuna kitu, ni Siwema, na yeye ndiye aliyesingiziwa. Wanajibiwa: aliyesingiziwa kasharudishiwa jina lake, lakini mkono haukurudi, na kanga hazikurudi. Nyumba kwa nyumba wanagombana. Ndoa zimeyumba.

Na Hizza ameshavua viatu. Amesimama njia panda, kofia mkononi, mlango wa Bakari huku, wa Bi Mwanamkasi kule, wa Siwema mbele yake, na hakuna wa kumwonyesha. Basi nyinyi mliokaa hapa, nyinyi hamna undugu naye wala ugomvi naye. Mshikeni mkono. Mnampeleka mlango upi?